Kushusha Herufi

Saa moja asubuhi, Dewsbury, mvua ya rasharasha.
Nimeegemeza ngazi kwenye paji la duka la Ormsby,
bisibisi mfukoni. Kazi yenyewe ni herufi sita.
Naanza na Y, maana ndiyo iliyolegea.

Baba ndiye aliyezipandisha, mwaka ule Ormsby walipomnunua Lumb,
muuza viatu. Lumb aliondoka na kofia yake tu,
wafanyakazi wake wakavishwa aproni za kijani,
na watu wa mji wakaendelea kusema "nakwenda kwa Lumb"
miaka kumi na mitano mingine,
kama mama asiyekubali jina jipya la bintiye aliyeolewa.

Baadaye wakamnunua Pickersgill wa mapazia,
wakanunua maduka arobaini ya vyombo huko pwani ya mashariki,
wakameza, wakacheua, wakameza tena.
Kila wakimeza napigiwa simu: njoo na ngazi.
Kila wakitapika napigiwa simu:
njoo na ngazi.
Sina haki ya kulalamika. Nimesomesha watoto wawili
kwa kupanda na kushuka kwa jina la mtu mwingine.

R imekataa. Skrubu imeoana na kutu.

Chini yangu Glynis Oldroyd anafungua mlango
kwa ufunguo uliopinda, ambao hadi uuinue kidogo
na kuubembeleza ndipo uzunguke.
Miaka thelathini na mmoja kwenye kaunta ya viatu vya watoto.
Mji mzima umepita mikononi mwake kwa nyayo;
diwani anamjua kwa dole gumba la mguu wa kushoto.
Jana waliuza hadi rafu, hadi vioo,
hadi zile sanamu za nguo zisizo na vichwa, pauni tano moja.
Yeye akanunua kipimo cha miguu, kile cha chuma,
akatoka nacho polepole
kama abebaye sahani ya supu ya moto.

"Tulifunzwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,"
ananiambia, akinishikia ngazi.
"Sasa vyote vinajitembeza, Colin.
Vinabisha hodi kwa mtu vikiwa ndani ya boksi,
vikimbana vidole vinarudi kwa posta."

Simjibu. Nina skrubu mbili mdomoni.

O inatoka mwisho, nzito kama sufuria la harusi.
Ukutani inabaki ORMSBY ya matofali safi,
na ndani yake, kwa rangi iliyochoka, LUMB,
na nyuma ya Lumb nusu ya jina jingine kabisa,
H, halafu E au F, hata Glynis halijui.
Jina jema hung'ara gizani, husemwa.
Hili linang'ara kwa kuwa halikuwahi kupata moshi wa mji.

Wala usiwalilie Ormsby, hawajafa.
Jumatatu wanafungua maili nane kutoka hapa,
ndani ya ghala la magodoro walilonunua majira ya baridi:
kona moja, rafu nne, skrini ya kuagizia.
Glynis amebakizwa. Mabasi mawili kwenda, mawili kurudi.
Wamempa fulana ya zambarau na beji ya kifuani:
NAJIFUNZA KAZI, TAFADHALI NIVUMILIE.
Aliponionyesha alicheka mpaka akakaa kizingitini.

Mimi nao hawanihitaji. Herufi za huko ni za plastiki,
hubandikwa kwa gundi, urefu wa kiganja.
Kijana wa ofisini alisema, kwa adabu kabisa,
hazihitaji ngazi.

Nafunga mlango wa gari. Glynis bado amesimama mvuani,
kipimo mkononi.
"Vua kiatu," ananiambia.
"Hapa? Njiani?"
"Vua."
Chuma ni baridi. Anasukuma kile kibao hadi kidoleni,
anainama, anasoma, anasoma tena.
"Nane na nusu. Wewe unavaa tisa, miaka yote hii,
ndiyo maana unashuka ngazi vile."